Kumwandaa mgombea kwa mdahalo wa televisheni: kauli inayobaki na mwili unaoibeba

Kauli inayokumbukwa kutoka mdahalo wa televisheni huonekana kama imemtoka msemaji papo hapo. Mara nyingi sivyo. Iliandaliwa mapema, na ilifaulu kwa sababu kuna mtu alikaa na hotuba za mpinzani mpaka akajua ni sentensi gani ataisema tena. Kwa hiyo kazi ianze na maneno ya mpinzani. Ukianza na ubunifu wa mgombea wako, utapata kijembe kitamu kisicho na mahali pa kuchomekwa.

Hatua zifuatazo zinafaa timu ya watu watatu hadi sita yenye wiki mbili mkononi. Mkiwa na siku chache, punguzeni idadi ya kauli, lakini msipunguze mazoezi ya kusimama.

Hatua ya 1: Pata kanuni kwa maandishi

Kabla hamjaandika neno, jueni haya: jibu ni la dakika ngapi, majibu ya mapigo (ya kumjibu mpinzani baada ya jibu lake) ni ya dakika ngapi, nani anaanza, kipaza sauti kinazimwa au kinabaki wazi, watazamaji wapo ukumbini au hawapo, karatasi zinaruhusiwa au la, wagombea wanakaa au wanasimama, na taa ya muda imewekwa wapi. Ulizeni pia kama skrini itagawanywa ili wote wawili waonekane kwa pamoja. Kanuni hubadilisha mbinu nzima. Katika mdahalo wa Biden na Trump huko Atlanta tarehe 27 Juni 2024, jibu lilikuwa dakika 2, majibu ya mapigo dakika 1, kipaza sauti cha asiye na zamu kilizimwa, hapakuwa na watazamaji ukumbini, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na maandishi. Katika ukumbi wa namna hiyo, kijembe kinachotegemea kicheko huanguka kwenye ukimya, na kumkatiza mwenzako hakuna faida kwa sababu sauti haifiki kwa mtazamaji.

Kisha pimeni mwendo wa mgombea. Asome maandishi kwa dakika moja kama anavyozungumza siku zote, nanyi mhesabu maneno. Tuseme yametoka 110. Jibu la dakika 2 lingebeba 220, lakini andaeni 180 tu. Nafasi inayobaki italiwa na pumzi, na jina la mpinzani, na neno la kwanza la kujibu swali lenyewe. Mgombea anayejaza dakika zake zote huishia kukatwa na mwendeshaji katikati ya sentensi, na mara nyingi sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa muhimu.

Hatua ya 2: Fungua daftari la sentensi za mpinzani

Mtu mmoja apewe kazi hii peke yake. Akusanye hotuba, mahojiano na midahalo ya mpinzani ya miezi mitatu iliyopita, na aandike safu nne: sentensi yenyewe neno kwa neno, tarehe na mahali, swali lililoizaa, na ukweli unaoipinga. Sentensi iliyosemwa mahali patatu tofauti ina nafasi kubwa ya kusemwa tena, hasa akibanwa, kwa kuwa mtu akibanwa hukimbilia maneno aliyoyazoea.

Mfano wa kusoma kwa makini ni wa Omaha, Marekani, tarehe 5 Oktoba 1988, mdahalo wa wagombea wenza Lloyd Bentsen na Dan Quayle. Quayle alikuwa kijana, na alipoulizwa kuhusu uzoefu wake alikuwa na desturi ya kujilinganisha na hayati Rais John “Jack” Kennedy kwa miaka aliyotumikia bungeni. Washauri wake mwenyewe walimwonya aiache hoja hiyo. Upande wa Bentsen ulikuwa umekutana nayo katika mazoezi yao wenyewe. Usiku ule Quayle aliulizwa juu ya uzoefu zaidi ya mara moja, na mwishowe akaitoa.

Chagueni sentensi zisizozidi tano, na muandike kauli kwa tatu tu. Zikizidi hapo, mgombea ataanza kuzitafuta kichwani badala ya kumsikiliza mwenzake.

Hatua ya 3: Andika kauli

Jibu la Bentsen, likiwekwa kwa Kiswahili, ni hili: “Seneta, nilitumikia pamoja na Jack Kennedy. Nilimfahamu Jack Kennedy. Jack Kennedy alikuwa rafiki yangu. Seneta, wewe si Jack Kennedy.”

Litazameni kwa sehemu zake. Sentensi nne fupi. Tatu za kwanza hazimshambulii mtu. Zinaeleza tu, na kila moja inamsogeza msemaji karibu zaidi na marehemu: kutumikia pamoja, kumfahamu, kuwa rafiki. Cheo kinaanza na kinarudi mwishoni, ili pigo litolewe kwa adabu. Jina linarudiwa mara nne, na mara ya mwisho ndilo linalofunga sentensi. Juu ya yote hayo, msemaji alikuwa na haki ya kusema: Bentsen na Kennedy walikuwa pamoja katika Baraza la Wawakilishi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Maneno yaleyale kinywani mwa mtu ambaye hakumjua Kennedy yangekuwa matusi matupu.

Mnapoandika yenu, shikeni mambo yafuatayo.

Neno zito likae mwisho. Sentensi ikiisha na “pia”, “hata hivyo” au “kwa kweli”, pigo limeshapita na ulimi bado unatembea. Futeni mpaka neno la mwisho liwe lile mnalotaka litajwe kesho yake.

Kauli nzima itoke kwa pumzi moja au mbili. Mpe msomaji mwingine aisome kwa sauti. Akivuta pumzi mahali ambapo hamkupanga, ni ndefu.

Iwe na ukweli unaoweza kuthibitishwa. Wanahabari wataichunguza ndani ya saa moja.

Ieleweke yenyewe. Kipande cha video cha sekunde 12 hakibebi maelezo ya nyuma. Mtafuteni mtu asiyefuatilia siasa, msomeeni mara moja, na baada ya nusu saa mwombeni aikariri. Akikosa neno moja si kitu. Akikosa maana, anzeni upya.

Angalieni sana methali. Methali inayojulikana humfikia msikilizaji kabla msemaji hajaimaliza, kwa hiyo haimshangazi mtu na haimpi mgombea sifa yoyote, maana maneno si yake. Inafaa pale tu nusu ya pili inapogeuzwa na kumwangukia mpinzani.

Kuna aina nyingine zaidi ya ile ya Bentsen. Ngumu kuliko zote, na bora kuliko zote kwa mgombea mwenye doa, ni ile inayochukua udhaifu wake mwenyewe na kuugeuza. Ronald Reagan alikuwa na miaka 73 mwaka 1984, na katika mdahalo wa kwanza na Walter Mondale huko Louisville, tarehe 7 Oktoba, alibabaika hadharani. Wiki mbili baadaye, Kansas City, mwandishi Henry Trewhitt alimuuliza kama umri haumzuii kubeba mzigo wa urais wakati wa hatari. Reagan alisema hataufanya umri kuwa suala katika kampeni hiyo. Hatatumia kwa faida za kisiasa ujana na uchanga wa mpinzani wake. Mondale mwenyewe, mwenye miaka 56, alicheka mbele ya kamera. Swali lile lilijulikana kuwa lazima lije. Kama mgombea wenu ana doa ambalo kila mtu analitaja, kauli ya kwanza kuandikwa iwe ya doa hilo.

Aina ya tatu ni swali kwa mwananchi. Tarehe 28 Oktoba 1980 huko Cleveland, Reagan alitumia maneno yake ya kufunga kuwauliza watazamaji kama hali yao ilikuwa bora kuliko miaka minne iliyopita. Swali la namna hii lina nguvu kwa sababu jibu analitoa mtazamaji nyumbani, na mpinzani hana wa kubishana naye. Liwekeni kwenye maneno ya kufunga, ambapo hakuna anayejibu baada yenu, na hakikisheni kwanza kwamba jibu la wengi ndilo mnalolitaka.

Ya nne ni fupi mno, na hutegemea cheo. Mwaka 1988 Jacques Chirac, aliyekuwa waziri mkuu wa Ufaransa, alimwambia Rais François Mitterrand kwamba usiku ule hakuna rais wala waziri mkuu, ni wagombea wawili walio sawa, hivyo atamwita Bwana Mitterrand. Mitterrand akajibu: “Uko sahihi kabisa, Bwana Waziri Mkuu.” Alikubali kila neno, na kwa cheo kile kimoja akamrudisha Chirac chini yake.

Hatua ya 4: Weka jibu chini ya kauli

Kauli bila sera hukaa hewani. Kila kauli iwe na sentensi mbili za kuifuata: mgombea atafanya nini, na kwa nani. Andikeni matoleo matatu ya kuingia kwenye hoja ileile, yenye mianzo tofauti kabisa. Hatari ya kutofanya hivyo ilionekana New Hampshire tarehe 6 Februari 2016. Marco Rubio alirudia sentensi ileile kuhusu Barack Obama, karibu neno kwa neno, mara kadhaa usiku mmoja. Mpinzani wake Chris Christie akawaonyesha watazamaji: hiyo hapo, hotuba ya sekunde 25 iliyokaririwa. Rubio akairudia tena baada ya kuambiwa hivyo. Katika kura za mchujo za jimbo hilo siku chache baadaye alishika nafasi ya tano.

Kilichomwangusha si kukariri, kwani wote hukariri. Alikuwa na njia moja tu ya kuingia kwenye hoja, na alipobanwa akarudi njia hiyohiyo. Wekeni kanuni isiyovunjwa: sentensi iliyosemwa mara moja usiku huo imekufa.

Hatua ya 5: Mazoezi

Tafuteni mtu wa kuigiza mpinzani, na asiwe mpole. Mwaka 2012 Seneta John Kerry alimwigiza Mitt Romney katika mazoezi ya Obama. Kazi hii hupewa mtu mzito ambaye mgombea hawezi kumdharau. Mwigizaji asome daftari la hatua ya 2, aseme sentensi zilezile za mpinzani, na pia amshambulie mgombea mahali anapoona aibu. Afadhali uso ubadilike kwenye chumba cha mazoezi.

Fanyeni angalau vipindi vitatu vya muda kamili. Kama mdahalo ni wa dakika 90 kwa kusimama, simameni dakika 90, chini ya taa kali, saa ileile ya usiku, na viatu vitakavyovaliwa. Uchovu wa miguu hujitokeza usoni baada ya saa ya kwanza, na mazoezi ya dakika 20 hayatauonyesha.

Rekodini kila kipindi na mkiangalie mara mbili. Mara ya kwanza zimeni sauti: andikeni kila dakika ambayo mgombea anaonekana amekasirika, amechoka au haamini anachosema. Mara ya pili geuzeni skrini, msikilize tu. Makosa ya mwili na makosa ya maneno yakitazamwa pamoja huchanganyika, na timu huishia kusahihisha maneno peke yake.

Siku ya mwisho msifanye kipindi kamili. Pitieni kauli tatu na maneno ya kufunga, basi. Sauti inahitaji kupumzika.

Hatua ya 6: Mwili mbele ya kamera

Tarehe 26 Septemba 1960, Chicago, Richard Nixon aliingia studio akiwa ametoka kuugua goti lililomlaza hospitali; alikuwa amepungua uzito, suti yake ya kijivu ikazama katika ukuta wa nyuma, na badala ya kurembwa na mtaalamu alipakwa poda ya kuficha ndevu. John Kennedy alivaa suti ya rangi iliyokolea na alionekana amepumzika. Mengi yamesemwa kwamba waliosikiliza redioni walimpa Nixon ushindi. Ushahidi wa dai hilo ni mwembamba, msijenge mkakati juu yake. Somo lililo wazi ni la vitendo: pelekeni nguo mbili studio mapema, mgombea asimame mahali pake chini ya taa, na mtazame kwenye skrini badala ya kumtazama kwa macho. Ombeni pia rangi ya ukuta wa nyuma kabla ya kuchagua suti. Poda si anasa, kwani jasho kwenye mdomo wa juu husomeka kama hofu.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba mgombea huonekana muda mrefu akisikiliza kuliko akisema. Boston, tarehe 3 Oktoba 2000, Al Gore aliguna na kushusha pumzi kwa sauti wakati George W. Bush akizungumza, na kesho yake watu walizungumzia pumzi kuliko hoja. Richmond, tarehe 15 Oktoba 1992, baba yake Bush alinaswa akitazama saa yake wakati wa swali la mwananchi. Bill Clinton, zamu yake ilipofika, alimsogelea mwanamke aliyeuliza na kumuuliza yeye kwanza hali imemgusaje. Denver mwaka 2012, Obama alisimama ameinamia karatasi zake, na kwenye skrini iliyogawanywa akaonekana kama mtu anayekaripiwa.

Mfundisheni uso wa kusikiliza kama mnavyomfundisha jibu: mdomo umefungwa bila kubanwa, macho kwa msemaji, kichwa hakitikisiki kukubali wala kukataa. Akitaka kuandika, aandike neno moja kisha ainue macho. Saa ya mkononi ibaki chumba cha maandalizi. Zoezi zuri ni kumsimamisha dakika 5 mfululizo mbele ya kamera huku mwigizaji akimtukana, bila ruhusa ya kujibu.

Hatua ya 7: Kuitoa kauli

Subiri chambo. Mpinzani aseme ile sentensi, au iliyo jirani yake kabisa. Asipoisema usiku kucha, kauli izikwe, hata kama timu imeipenda namna gani. Kauli inayolazimishwa hunuka karatasi. Huko Austin, tarehe 21 Februari 2008, Hillary Clinton alimshutumu Obama kwa kuazima maneno ya mwingine, akaongeza kijembe kwamba hayo si mabadiliko ya kuaminika bali ni mabadiliko ya mashine ya kunakili ya Xerox. Sehemu ya ukumbi ilimzomea, maana ilisikika wazi kuwa imeandikwa.

Chambo kikija, mgombea asikimbilie. Amwache mpinzani amalize kabisa. Ageuke kumtazama yeye, si kamera. Aseme polepole kuliko kawaida yake, sauti ikishuka mwishoni. Asitabasamu kabla ya neno la mwisho, kwa maana tabasamu la mapema humtangazia kila mtu kwamba kuna kitu kinakuja. Akimaliza, anyamaze sekunde mbili. Kama kuna kicheko au makofi, asubiri yaanze kushuka ndipo aingie kwenye sera. Kosa la kawaida hapa ni kuongeza sentensi ya kufafanua. Kinachosambaa baadaye ni kipande chenye ufafanuzi huo, na makali yamekwisha.

Hatua ya 8: Kupigwa na kukwama

Mgombea wenu naye atapigwa. Quayle alijibu kwamba maneno yale hayakustahili kabisa, akaonekana amejeruhiwa. Mondale alicheka, na kicheko kile kilimfanya aonekane mwungwana huku kikimpa Reagan ushindi wa usiku. Kinachofaa zaidi ni tabasamu dogo, kukiri kwa maneno matatu au manne kwamba kauli ni nzuri, kisha kurudi papo hapo kwenye swali ambalo mpinzani hakulijibu. Mazoezini mpigeni bila kumtahadharisha mpaka njia hiyo iwe tabia.

Kusahau kuna dawa ya mapema: mgombea asitangaze idadi kabla ya orodha. Tarehe 9 Novemba 2011 Rick Perry, aliyewania urais wa Marekani, alisema angefuta idara tatu za serikali, akataja Biashara na Elimu, ya tatu ikamkataa, akaishia kusema “Oops”. Angesema “idara kama Biashara na Elimu”, hakuna ambaye angejua kuna iliyopotea.

Swali linalogusa familia au uchungu lijibiwe kwa utaratibu huu: kwanza moyo, pili msimamo, tatu sera. Mwaka 1988 Bernard Shaw alimuuliza Michael Dukakis kama angetaka muuaji anyongwe endapo mkewe Kitty angebakwa na kuuawa. Dukakis aliruka moja kwa moja kwenye kupinga adhabu ya kifo na takwimu za uhalifu, na watu wakamwona baridi. Msimamo wake ungebaki uleule hata kama angeanza na sentensi moja ya mume.

Kosa la ukweli lisahihishwe usiku huohuo. Rais Gerald Ford alisema katika mdahalo wa mwaka 1976 kwamba Ulaya Mashariki haikuwa chini ya utawala wa Wasovieti. Mwandishi Max Frankel alimpa nafasi ya kujirudi, hakuitumia, na zilipita siku kadhaa kabla ya kukubali kwamba alikosea. Kila siku ya kuchelewa ilikuwa habari mpya. Kama kosa limefanyika mwanzoni, mgombea alisahihishe katika jibu linalofuata kwa sentensi moja isiyo na visingizio.

Hatua ya 9: Baada ya taa kuzimwa

Mtu mmoja awe tayari kukata kipande cha video na kukisambaza kabla mdahalo haujaisha, pamoja na ukurasa mmoja wa ushahidi wa kila dai. Msimtangaze mgombea kuwa mshindi wa uchaguzi kwa sababu ya kauli moja. Bentsen na Dukakis, waliogombea pamoja, walishindwa katika majimbo 40. Nick Clegg, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats aliyeng'aa katika mdahalo wa kwanza wa televisheni wa uchaguzi wa Uingereza tarehe 15 Aprili 2010, aliona chama chake kikipungukiwa viti bungeni mwezi uliofuata.

Kama kuna mdahalo mwingine, fungueni daftari kesho yake asubuhi, na safari hii muandike pia sentensi za mgombea wenu, kwa sababu upande wa pili unafanya hivyohivyo. Mwaka 1980 Reagan alimzima Jimmy Carter, aliyekuwa akimshambulia kuhusu bima ya afya ya wazee, kwa kumwambia “umeanza tena.” Louisville, miaka minne baadaye, alimwambia Mondale maneno yaleyale. Mondale alikuwa ameyasubiri. Alimgeukia, akamuuliza kama anakumbuka mara ya mwisho aliyasema lini, kisha akawakumbusha watazamaji kwamba baada ya kumjibu Carter hivyo, Reagan alikwenda kujaribu kukata dola bilioni 20 kutoka bima hiyohiyo.